Kovu la Moyo na Sahani ya Muhogo

Asubuhi soko la Ruvumera, hapa Buyenzi mjini Bujumbura, huamka na vumbi jeupe. Ni unga wa muhogo. Wauzaji wanafungua magunia, wanachota kwa kopo, na kila kopo linapomiminwa unga unapanda hewani na kuwatulia kwenye kope. Hatua chache kutoka hapo wamekaa akina mama wa ndagala, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika walioanikwa juani mpaka wakakauka na kung'aa. Mteja akinunua unga akapita mbele ya ndagala bila kusimama, hakuna anayemshangaa. Nimelizunguka soko hili miaka mingi nikiona chakula tu. Macho yangu yalibadilika nilipoanza kufuatilia historia ya ugonjwa mmoja wa moyo, ugonjwa uliowaua Warundi mbali na kwao, Kampala, zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Historia hiyo inaanzia njiani, kabla ya kufika hospitali yoyote.

Wabelgiji waliiteka Ruanda-Urundi mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakaitawala kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Wakaleta kodi ya fedha taslimu katika nchi ambayo fedha ilikuwa haba, wakaleta kazi za lazima za barabara na mashamba, na kiboko kwa aliyechelewa. Ng'ambo ya mpaka, Uganda ya Waingereza, wakulima wa Buganda walikuwa na pamba na kahawa na hawakuwa na mikono ya kutosha. Basi watu wakatembea. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu kwa maelfu ya Warundi na Wanyarwanda walifunga safari hiyo, wengi kwa miguu, wiki kadhaa, wakiwa na kifurushi cha unga au viazi vitamu vilivyokaushwa. Wengine walielekea Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Wengi walikwenda Buganda kwa sababu huko mtu aliweza kufanya kibarua kwa mkulima mwenzake na pengine, baada ya miaka, kupata kijishamba chake. Kazi waliyopewa ilikuwa ile ambayo mwenyeji hakuitaka. Walilala katika vibanda pembeni mwa migomba, wakala kilichobaki, na wengi wakachukua majina ya Kiganda ili wasinyooshewe kidole.

Waliobaki nyumbani nao walikuwa na amri yao. Baada ya njaa kuirudia nchi mara kwa mara, serikali ya Kibelgiji ililazimisha kila kaya kulima mazao ya akiba, hasa muhogo na viazi vitamu. Muhogo unafaa kwa akiba kuliko karibu kila zao: unasubiri ardhini, unavumilia udongo uliochoka, na nzige hawezi kuufuata mzizi chini. Sitaki kuudharau. Umewaokoa bibi na babu zetu, na umetuokoa sisi katika miaka ya vita. Lakini muhogo ni wanga karibu mtupu. Protini yake ni kidogo mno, na ule mchungu una sumu ndani yake. Nitarudi kwenye sumu hiyo.

Sasa twende Mulago.

Katikati ya miaka ya 1940 alifika katika hospitali hiyo ya Kampala daktari wa patholojia, Mwingereza Jack Davies, aliyefundisha chuo cha Makerere. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti na kuuliza kilichowaua. Mwaka 1948 aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki juu ya mioyo aliyoikuta mezani ambayo haikufanana na maelezo ya vitabu alivyosomea.

Ukiufungua moyo mzima, ukuta wa ndani wa chemba unateleza na kung'aa, na utando wake ni mwembamba hata nyama nyekundu inaonekana chini yake. Mioyo ya Davies ilikuwa na kovu. Lilianzia kwenye ncha ya moyo, chini kabisa, jeupe, nene, gumu kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, likapanda ukutani na kuzimeza zile nyuzi zinazoshikilia milango ya moyo. Nyama ya moyo nje ya kovu mara nyingi ilikuwa na nguvu zake bado. Ila chemba ilikuwa imejazwa na kovu mpaka imebaki finyu, haitanuki kupokea damu, na mlango wake haufungi tena.

Mgonjwa wa namna hii akiwa hai, daktari mzoefu alimtambua kutoka mlangoni. Tumbo limejaa maji kama la mjamzito wa miezi tisa, na chini yake miguu miembamba ambayo haikuvimba, jambo ambalo halikupaswa kuwa hivyo, kwa kuwa moyo unaposhindwa kazi maji huanzia miguuni. Uso umejaa, macho yametokeza kidogo. Anapumua kwa shida akipanda ngazi tatu. Wakitoa maji ya tumbo kwa sindano, yanarudi. Wengi wa wagonjwa hawa walikuwa watoto na vijana.

Na kati yao, madaktari wa Mulago waliona, walikuwamo watu wa Ruanda-Urundi wengi kupita kiasi.

Hapa nafungua mabano mafupi, kwa sababu bila hayo mtu hataelewa kwa nini kovu hili lilichelewa kusikilizwa. Utafiti wa moyo Afrika Mashariki ulikuwa na swali jingine lililowavutia Wazungu zaidi: mbona Mwafrika hana magonjwa yetu? Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyekuwa Nyanza ya Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba aliwapima watu wapatao 1,000, na kwamba katika miaka miwili, kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa, hakumwona hata mmoja mwenye shinikizo la damu la juu. Mwaka 1960 Davies mwenyewe na wenzake wa Marekani walilinganisha maiti 632 za Uganda na 632 za St. Louis zenye umri uleule. St. Louis walikuta mioyo 136 iliyokufa sehemu kwa kuziba mshipa. Uganda walikuta mmoja. Takwimu hiyo ilizunguka dunia, na bado inatajwa katika vitabu vya lishe kama sifa ya chakula cha zamani cha Mwafrika. Ni takwimu ya kweli. Lakini katika hospitali ileile mioyo mingine ilikuwa inakufa kwa kovu, na hakuna kitabu cha lishe cha Ulaya kilichoipigia debe.

Nimeutazama mwaka 1954 kwa muda mrefu. Mwaka huo yalitoka maandishi manne ambayo, kwa Mrundi, yanapaswa kusomwa juu ya meza moja.

La kwanza ni makala ya Ball, Williams na Davies katika Lancet, iliyoueleza ugonjwa wa kovu la moyo kwa ukamilifu na kuufanya ujulikane duniani. La pili ni kitabu cha Hugh Trowell, Davies huyohuyo na Rex Dean kuhusu kwashakoo, ugonjwa wa watoto waliokula wanga bila protini, ambao nao ulijaa Mulago. La tatu ni kitabu kilichohaririwa na mwanaanthropolojia Audrey Richards juu ya vibarua wahamiaji katika Buganda: njia walizopita, mishahara, vibanda, jinsi walivyohesabiwa kuwa watu wa chini. Na la nne lilitoka kwa Jean Hiernaux, Mbelgiji, kuhusu maumbile ya watu wa Ruanda na Urundi: urefu wa vimo, upana wa pua, vipimo vya fuvu.

Davies aliandika mawili kati ya hayo manne. Alimshika mkononi mtoto wa kwashakoo na alishika mkononi moyo wenye kovu. La tatu, la Richards, lilieleza ni nani waliokuwa wanakula vibaya na kwa nini, nao waliishi saa chache kwa miguu kutoka chumba chake cha maiti. Nikiyasoma leo, majibu mengi yalikuwa tayari yameandikwa, kila kipande katika kitabu chake. Lakini lugha iliyotawala zama zile ilikuwa ya lile andiko la nne. Mtu alipimwa kwanza kama kabila.

Ndiyo maana mwaka 1965, Gerald Shaper na mwenzake Coles walipochapisha hesabu yao ya wagonjwa wa Mulago katika jarida la moyo la Uingereza, kichwa cha makala kilihusu mgawanyo wa ugonjwa huu kwa makabila ya Uganda. Walithibitisha kilichokuwa kikisemwa wodini: wahamiaji wa Rwanda na Burundi walikuwa wengi kati ya wenye kovu kuliko walivyostahili kwa idadi yao. Sidai kwamba walikuwa watu wabaya. Shaper alikuwa mtafiti makini, na kazi yake nyingine Afrika Mashariki inaonyesha alielewa vizuri kwamba mwili hufuata maisha. Alikuwa amewapima wapiganaji wa Kisamburu wa kaskazini mwa Kenya na kuona damu yao haina shinikizo la juu, kisha yeye na wenzake wakawafuata Wasamburu walioandikishwa jeshini na kula chakula cha kambi chenye chumvi nyingi, na wakaona shinikizo likipanda. Mtu yuleyule, kabila lilelile, sahani nyingine. Baadaye alirudi Uingereza na kuanzisha utafiti wa wanaume 7,735 katika miji 24 ambao Waingereza wanautegemea mpaka leo kuelewa mioyo yao. Jicho alilowatazama nalo Waingereza lilinolewa Kampala.

Lakini neno "kabila" lilibaki kwenye kovu. Sisi Warundi tunajua neno hilo linagharimu nini likishaandikwa kwenye karatasi rasmi. Linaacha kuwa hesabu na kuwa maelezo. Mtu akishasema "ni ugonjwa wa Warundi", haulizi tena Mrundi huyo alilala wapi jana, alikula nini, na alikanyaga nini bila viatu.

Watafiti waliotaka sababu nyingine hawakukosa za kujaribu. Wapo walioituhumu ndizi, kwa kuwa ndizi za kupika zina kemikali iitwayo serotonini, na wagonjwa wa Ulaya wenye uvimbe unaotoa kemikali hiyo kwa wingi hupata makovu moyoni. Hoja ilikuwa nzuri lakini ikajikwaa: Waganda wenyewe ndio walaji wakubwa wa ndizi, na wahamiaji ndio walioumia zaidi. Wapo walioituhumu minyoo. Mwili unapopambana na minyoo huzalisha kwa wingi seli za damu ziitwazo eosinofili, na seli hizo zina sumu zake ndani, silaha iliyotengenezwa kumtoboa mnyoo. Zikizidi na kukaa muda mrefu, zinaweza kuuchoma utando wa moyo. Daktari Löffler wa Zürich alikuwa ameeleza mwaka 1936 wagonjwa wa Uswisi wenye seli hizo nyingi na mioyo iliyofunikwa kovu, na kovu lao lilifanana na la Mulago kama ndugu. Kibarua anayelima bila viatu katika udongo wa unyevu ana minyoo mingi kuliko mwenye shamba aliyevaa viatu. Hapo hoja ikaanza kumkaribia mtu mwenyewe.

Kisha ikaja miaka ya 1970, na kwa kweli sipendi kukaa hapo. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na walimu wengi wa Makerere wakaondoka. Krishna Somers na Paul D'Arbela na wenzao walikuwa wameifanya Mulago kuwa mahali ambapo dunia ilikuja kujifunza ugonjwa huu. Shule hiyo ikasambaratika. Upande wetu ilikuwa mwaka 1972. Kuanzia Aprili wasomi wa Kihutu waliuawa kwa maelfu, wanafunzi wakachukuliwa kutoka Chuo Kikuu cha Bujumbura hapahapa mjini, na waliopona wakavuka mpaka. Katika kizazi hichohicho Uganda ilipoteza waliokuwa wanauliza, na sisi tukapoteza ambao wangeuliza.

Swali lilifufuka miaka ya 1990, na waliolifufua safari hii walikuwamo Waganda wenyewe. Daktari Sezi aliwalisha tumbili chakula cha muhogo kisicho na protini ya kutosha na kuichunguza mioyo yao. Alichapisha mwaka 1996, akisema kwamba alichokiona kwenye mioyo ya tumbili kinaweza kueleza kovu la binadamu.

Nieleze hapa ile sumu, maana naijua kutoka jikoni kabla ya kuisoma vitabuni. Mama yangu aliloweka muhogo mchungu siku tatu, wakati mwingine nne, katika pipa nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza maji ni safi. Ya pili yanatoa povu dogo. Ya tatu nyumba nzima inanuka, harufu kali ya kitu kilichochacha, na muhogo unabonyea ukiushika. Hapo ndipo anaumenya, anatoa uzi wa katikati, anauvunja vipande na kuuanika. Tulipokuwa watoto tulifikiri ni ladha anayoitafuta. Kumbe zile siku tatu zilikuwa zinatoa sianidi. Muhogo una kemikali inayoachia sianidi unapovunjwa, na uchachu wa majini huitoa sehemu kubwa. Kinachobaki, mwili wenyewe hukimaliza, lakini kwa sharti moja: uwe na salfa, na salfa hiyo huipata kwenye protini, kwenye maharage kidogo, na zaidi kwenye samaki, nyama na mayai. Mwenye ndagala kwenye sahani analindwa na ndagala. Asiye nazo hutumia salfa ya mwili wake, na siku njaa inapobana ndipo pia siku za kuloweka zinapopunguzwa, kwa sababu tumbo la mtoto halisubiri siku ya tatu. Kongo, katika lililokuwa jimbo la Bandundu, kuharakisha huko kumeleta ugonjwa uitwao konzo, unaopooza miguu ghafla na usioisha. Hilo limethibitishwa. Kuhusu moyo, muhogo ni mshukiwa ambaye ushahidi wake haujakamilika, na napenda kusema hivyo wazi.

Mwaka 1999 Rutakingirwa, Ziegler, Newton na Freers walitoa matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa wa kovu la moyo wa Mulago na wagonjwa wengine wa hospitali hiyohiyo. Kichwa cha makala yao ndicho kilichonifanya niandike haya. Neno la kwanza la kichwa hicho ni umaskini. La pili linahusu eosinofili. Asili ya Rwanda na Burundi bado ilionekana kwenye hesabu zao, haikufichwa, ila sasa ilikaa mahali pake, pamoja na muhogo na kazi ya shamba. Ilichukua nusu karne kutoka Davies kuandika juu ya mioyo ile hadi mtu kuandika "umaskini" juu ya ukurasa.

Huko Msumbiji, Ana Olga Mocumbi alipeleka mashine ya kupiga picha za moyo vijijini, katika wilaya ya Inharrime, na kuwapima watu 1,063 waliochaguliwa bila kujali kama wanaumwa. Mwaka 2008 alitangaza kwamba asilimia 19.8 walikuwa na kovu. Mtu mmoja kwa kila watano. Wengi wao hawakujijua. Walikuwa wanalima, wanavua, wanacheza. Kabla yake dunia iliuhesabu ugonjwa huu kwa wale tu waliofika hospitali wakiwa na tumbo la maji. Naufikiria sana mkutano huo wa mashine na kijiji kila ninapopita Kamenge mbele ya hospitali ya chuo kikuu chetu.

Maana tangu hapo utafiti wa moyo Afrika umekwenda mbio. Mwaka 2012 ulitoka uchunguzi wa wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi, kutoka nchi tisa za Afrika. Ukaonyesha kwamba chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, tansiyo tunavyoiita hapa mjini, na kwamba wagonjwa wetu wana wastani wa miaka 52, umri ambao Ulaya mtu bado anapanga safari za kazi. Uganda, Kenya na Ethiopia wamo. Mwaka 2019 utafiti mwingine uliwajaribu wagonjwa 728 katika nchi sita na kuonyesha ni jozi gani za dawa zinazoshusha shinikizo la Mwafrika vizuri zaidi: zile zenye amlodipine ndani yake. Kenya na Uganda wamo. Kisha, katika jarida la New England toleo la 2022, Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao waliwapima watoto 102,200 wa Uganda, wakawafuatilia 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo unaoletwa na homa ya koo isiyotibiwa, nusu wakawapa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Kati ya waliopata sindano, hali iliwazidia watatu. Kati ya wasiopata, 33. Ni sindano ya bei ndogo, dawa ya zamani, na nililia nilipoisoma, kwa furaha.

Katika orodha hizo za nchi, Burundi haimo. Nimezipitia jina kwa jina. Miaka ya 1950 na 1960 mioyo ya Warundi ilikuwa kwenye meza iliyoleta jina la ugonjwa duniani, na leo, utafiti unapouliza dawa gani itafaa, hatumo ukumbini. Wagonjwa tunao. Tangu Mei 2006 serikali yetu inawatibu bure watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, na sera hiyo imeokoa wengi. Lakini homa ya koo inayoharibu moyo huwapata zaidi watoto wa shule, kuanzia miaka mitano hadi kumi na mitano. Mtoto anatoka kwenye ulinzi wa bure mwaka uleule anapoingia kwenye hatari.

Na sasa swali la zamani limerudi kwa mlango wa kisukari.

Kwa miaka mingi madaktari wa nchi maskini wameona vijana wembamba sana wenye sukari ya juu mno. Mwaka 1955 Hugh-Jones aliwaeleza wagonjwa wa namna hii Jamaika. Shirika la Afya Duniani likaipa hali hiyo jina mwaka 1985, kisukari cha utapiamlo, kisha mwaka 1999 likaifuta kwa kusema ushahidi hautoshi. Na muhogo ulikuwamo katika mabishano hayo pia. Wapo waliodhani sianidi yake inaharibu kongosho. Aprili 2025, mjini Bangkok, shirikisho la kimataifa la kisukari liliitambua tena, likaiita aina ya tano. Miezi michache baadaye ukatoka utafiti wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wote walioandikiwa kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo askari wa mwili hushambulia kongosho. Walipotafuta alama za mashambulizi hayo kwenye damu, vijana takriban 65 katika kila 100 hawakuwa nazo. Kitu kingine kimeharibu kongosho zao. Watafiti hawakusema kwamba hao ndio wa aina ya tano, na walifanya vizuri kutokimbilia. Lakini njaa ya utotoni ni miongoni mwa mambo wanayotaka kuyachunguza.

Nchini kwetu uchunguzi wa kaya wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni moja ya viwango vya juu kabisa duniani. Watoto hao waliodumaa sasa wanafikia umri wa kubalehe, umri ambao kisukari cha vijana hujitokeza. Kama kuna mahali duniani pa kuuliza njaa inafanya nini kwa kongosho na kwa moyo, ni hapa, kati ya Ziwa Tanganyika na milima inayolitazama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawana vituo vya umahiri vya tiba, Tanzania ilichukua moyo, Uganda saratani, Kenya figo. Burundi ilipewa lishe. Wapo walioona tumepewa fungu dogo. Mimi naona tulipewa swali lenyewe.

Ili kuliuliza panahitajika mashine kama ile ya Inharrime, friji ya kutunzia damu isiyozimika umeme ukikatika, na vijana wa kitivo chetu cha tiba watakaopanda milimani na kuuliza kila nyumba ilikula nini jana, na muhogo ulilowekwa siku ngapi. Wawapate na wazee wachache waliorudi kutoka Buganda, kabla hawajaisha, wawaulize walivyokuwa wakila njiani.

Wiki iliyopita nilisimama tena Ruvumera. Ilikuwa mbalamwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukijaa wavuvi hawashuki ziwani, kwa hiyo bei ilikuwa imepanda. Mwanamke aliyenitangulia alikuwa na mfuko wa unga kichwani na mtoto mgongoni. Aliuliza bei ya kopo la ndagala, akanyamaza kidogo, akauliza bei ya nusu. Muuzaji akachota nusu, akaimimina kwenye gazeti, kisha akaongeza gao moja juu bila kusema neno. Mwanamke akalikunja gazeti mara mbili, akalitia ndani ya kanga, upande wa mtoto.